Dirisha Likitoa Jasho: Mwongozo wa Hewa, Unyevu na Kanuni za Ujenzi kwa Anayeishi England

Saa zikisharudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba, malalamiko huanza. Dirisha la chumbani linakucha limelowa, maji yametuama kwenye ukingo wake, nyuma ya kabati ukuta umeota madoa meusi, na mwenye nyumba anajibu kwa sentensi moja: muwe mnafungua madirisha. Jibu hilo lina ukweli kidogo, lakini limeruka sehemu kubwa ya habari. Kanuni za ujenzi za England hazikumwachia mkaaji kazi yote ya kuipumulisha nyumba. Zinaitaka nyumba yenyewe iwe na njia za kuingiza hewa safi na kutoa chafu, na njia hizo zimewekewa vipimo ambavyo mtu yeyote anaweza kuvikagua akiwa na rula, karatasi ya chooni na kipima unyevu cha bei nafuu.

Msingi wa yote ni Kanuni za Ujenzi za 2010. Sehemu F ya kanuni hizo inahusu hewa, na kitabu cha serikali kinachoifafanua kinaitwa Approved Document F. Hapa nitakiita Hati F. Toleo linalotumika ni la 2021, lililoanza kazi tarehe 15 Juni 2022. Sehemu C inahusu unyevu, na humo ndimo jengo linapotakiwa lisiharibiwe na mvuke unaogeuka maji, iwe juu ya ukuta au ndani yake. Wales ina Hati F yake, Scotland ina vitabu vyake vya viwango, na Ireland ya Kaskazini inatumia Kijitabu cha Kiufundi K. Fizikia ni moja kote, kwa hiyo hata ukiwa Glasgow au Cardiff hatua nyingi za hapa zitakufaa. Namba tu ndizo utakazozihakiki upya.

Hatua ya 1: Hakikisha ni mvuke

Maji ya ukutani yana asili zaidi ya moja, na kila asili ina fundi wake. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hukaa sehemu ya chini, mara nyingi hauvuki mita moja hivi, na huacha mstari wa chumvi nyeupe. Maji ya mvua yanayopenya huonekana kama doa linalokua kila mvua inaponyesha. Ukitoka nje utakuta gata imeziba, saruji kati ya matofali imeliwa, au silikoni ya kuzunguka dirisha imebanduka. Bomba linalovuja halijui majira. Doa lake lipo hata Julai.

Mvuke wa ndani huchagua mahali pa baridi: kioo, kona za juu, ukuta wa nje nyuma ya kitanda, kabati lililosukumwa hadi likagusa ukuta. Huja na baridi na kupungua joto linaporudi. Kuvu nyeusi yenye vitone ni dalili yake kubwa.

Ukiwa na shaka, kata kipande cha karatasi ya foili ya jikoni, kibandike ukutani kwa utepe kingo zote nne, ukiache siku moja au mbili. Maji yakiwa upande unaokutazama, yametoka kwenye hewa ya chumba. Yakiwa upande uliogusa ukuta, yanatoka ukutani, na hapo mwite mtu wa paa au wa matofali kabla hujahangaika na feni.

Hatua ya 2: Pima kwa wiki nzima

Nunua kipima unyevu chenye kuonyesha pia joto. Kiweke chumba cha kulala, mbali na rediata na dirisha, uandike namba zake asubuhi na usiku. Maneno "nyumba ina unyevu" hayamsukumi mtu. Daftari lenye tarehe humsukuma.

Namba hizo zina maana hii. Katika nyuzi 20, mita moja ya ujazo ya hewa inaweza kubeba takriban gramu 17 za maji. Ikipoa hadi nyuzi 10, inaweza kubeba gramu 9 na kidogo. Ikifika nyuzi 5, hazifiki hata 7. Maji yaliyozidi lazima yatue mahali, na hutua juu ya kitu chenye baridi kuliko vyote. Kwa hiyo chumba chenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 60 kitatoa jasho kwenye chochote chenye nyuzi 12 kushuka chini. Unyevu ukifika asilimia 70, jasho linaanza kwenye nyuzi 14 na kitu. Dirisha la kioo kimoja usiku wa Januari linashuka chini ya hapo bila kuulizwa.

Kuvu, hata hivyo, haingoji hadi maji yaonekane. Unyevu wa hewa iliyogusana na ukuta ukikaa kwenye asilimia 80 kwa muda, inaota, ingawa ukipapasa ukuta utauona mkavu. Ndiyo maana wasanifu wa nyumba hujitahidi uso wa ukuta usipoe kupita kiasi: nje ikiwa sufuri na ndani nyuzi 20, wanataka sehemu yenye baridi kuliko zote, yaani kona na maungio, isishuke chini ya nyuzi 15. Nyumba nyingi za matofali za enzi za Malkia Victoria haziko karibu na hapo.

Hati F ina mizani yake pia. Wastani wa unyevu ndani ya nyumba usizidi asilimia 65 kwa mwezi, 75 kwa wiki, na 85 kwa siku moja. Bafu kupanda hadi 90 wakati mtu anaoga si kosa la mtu wala la nyumba. Tazama inachukua muda gani kushuka.

Hatua ya 3: Kagua njia za hewa

Hapa ndipo penye kazi. Hati F inagawa upitishaji wa hewa mafungu matatu: kuvuta hewa chafu pale inapozaliwa (jikoni, bafuni, chooni); hewa kidogo inayopita nyumba nzima usiku na mchana; na kufukuza hewa kwa haraka, kwa mfano ukiunguza kitunguu. Mwenye nyumba akisema "fungua dirisha" anaongelea fungu la tatu peke yake. Yale mawili ya kwanza ni ya jengo.

Anza na feni. Kwa feni inayowashwa na kuzimwa, bafu linatakiwa livutwe lita 15 kwa sekunde. Choo kisicho na bafu, lita 6. Jikoni ni lita 30 iwapo kivuta moshi kiko juu ya jiko na kinatoa nje, na lita 60 feni ikiwa sehemu nyingine ya jikoni. Chumba cha kufulia, lita 30. Boksi la feni mara nyingi huandika mita za ujazo kwa saa. Gawanya kwa 3.6 upate lita kwa sekunde. Feni iliyoandikwa 85 ni takriban lita 24, inatosha bafuni, kwenye karatasi. Ukutani ni habari nyingine. Bomba refu, lililopinda mara tatu na kulegea darini, linaweza kuila nusu ya nguvu hiyo.

Shika karatasi moja ya chooni karibu na feni inayozunguka. Ikinata, feni inavuta. Ikianguka, inapiga kelele tu. Kisha toka nje utazame kifuniko chake: vipande vinapepea au vimeganda kwa vumbi na rangi? Karatasi haitakupa lita kwa sekunde. Kwa hilo fundi anakuja na kipima mwendo wa hewa chenye faneli, nawe una haki ya kuuliza kama alikitumia. Nyumba mpya lazima ipimwe hivyo na matokeo yaandikwe.

Tahadhari kuhusu jikoni: vivuta moshi vingi vya nyumba za kupanga havitoi kitu nje. Vinanyonya hewa, vinaichuja mafuta na harufu, vinairudisha jikoni na mvuke wake wote. Sufuria la maharage likichemka saa nzima chini ya kifaa kama hicho, maji yote yanabaki ndani. Hesabu za Hati F zinamaanisha hewa inayotoka nje ya jengo.

Bafu lisilo na dirisha la kufunguka linahitaji feni inayoendelea dakika 15 baada ya taa kuzimwa. Wengine huichukia kelele yake wakaizima kwenye swichi iliyo juu ya mlango. Iwashe. Ikiwa nyumba yako ina feni ndogo ambazo hazizimwi kabisa, huo ni mfumo wa kuvuta bila kukoma, wenye viwango vyake: lita 13 jikoni na 8 bafuni zinapoongeza kasi. Hofu ya umeme hapa ni kubwa kuliko gharama. Feni ya wati 5 ikikesha mwezi mzima inakula yuniti 3.6.

Baada ya feni, tafuta matundu. Kwenye fremu ya juu ya dirisha kuna mwanya mrefu mwembamba wenye kifuniko cha kusukuma. Huo si urembo. Hewa inayotolewa na feni lazima iingie kutoka mahali, na hapo ndipo mlango wake. Kwa nyumba mpya inayotegemea matundu na feni za kuwasha na kuzima, Hati F inataka milimita za mraba 8,000 kwa kila chumba cha kukaa au kulala na jikoni, na 4,000 bafuni, nyumba ikiwa na ghorofa zaidi ya moja ndani yake. Fleti ya sakafu moja inahitaji 10,000 badala ya 8,000, kwa kuwa haina ngazi za kuisaidia hewa ya joto kupanda. Matundu yakae angalau mita 1.7 juu ya sakafu ili baridi isimpige aliyekaa kochini. Mengi yana namba ya ukubwa iliyochapwa upande wa ndani. Vua kifuniko utazame, na ukiwa hapo futa vumbi. Ukikuta mpangaji aliyepita ameyaziba kwa utepe au rangi, umepata nusu ya ugonjwa.

Usizibe kamwe tundu la hewa kwenye chumba chenye moto wa gesi au boila inayovuta hewa ya chumbani. Tundu hilo lipo ili kuepusha monoksidi ya kaboni, gesi ambayo haina harufu na inaua. Feni yenye nguvu kwenye chumba kama hicho nayo inaweza kurudisha moshi ndani, hivyo aweke fundi aliyesajiliwa wa gesi.

Kisha milango ya ndani. Hewa inaingia chumbani na kutokea bafuni, nayo lazima ipite chini ya mlango. Kipimo ni milimita za mraba 7,600, ambazo kwa mlango wa upana wa milimita 760 ni mwanya wa milimita 10 juu ya zulia. Chukua rula. Zulia jipya nene lililowekwa bila kukata mlango limeua hewa ya nyumba nyingi, na hakuna anayelishuku kwa sababu zulia linaonekana zuri.

Mwisho ni madirisha yenyewe, yaani lile fungu la tatu. Chumba kinatakiwa kiweze kubadilisha hewa yake yote mara 4 kwa saa moja kwa moja kwenda nje. Dirisha linalofunguka kwa bawaba hadi digrii 30 au zaidi, sehemu yake inayofunguka iwe sehemu moja ya ishirini ya eneo la sakafu. Likifunguka kati ya digrii 15 na 30, iwe sehemu moja ya kumi. Chini ya 15 halihesabiwi. Chukua chumba cha mita za mraba 12: dirisha la kufunguka vizuri linatosha likiwa na mita za mraba 0.6, lakini likiwekewa kizuizi cha usalama kinacholiachia digrii 15 hadi 30 tu, linahitaji 1.2. Kwenye maghorofa marefu vizuizi vimefungwa ili watoto wasianguke, na ni sawa kabisa vifungwe. Ila mtu asikuambie ufungue dirisha ambalo yeye mwenyewe amelifunga lisivuke upana wa kiganja.

Hatua ya 4: Fungua dirisha kwa hesabu

Waliokulia pwani tuna mazoea yanayotupotosha huku. Mombasa au Unguja, hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 imebeba zaidi ya gramu 22 za maji kwa mita ya ujazo. Mvua ikinyesha unafunga madirisha godoro lisipate unyevu. Ukiwa na kiyoyozi, kioo hutoa jasho upande wa nje. England ya Januari ni kinyume. Nje kuna nyuzi 5, mvua inanyesha, kipimo cha nje kinasema asilimia 90, nawe unadhani ukifungua utaleta maji ndani. Hewa hiyo ina gramu 6 tu. Ukiiingiza na kuipasha hadi nyuzi 20, unyevu wake unashuka hadi asilimia 35 hivi. Hiyo ni hewa kavu, bure, hata kama inakuja na matone.

Kwa hiyo fungua madirisha mawili yanayotazamana, wazi kabisa, dakika 5 hadi 10 asubuhi baada ya kuamka na jioni baada ya kupika. Kisha funga. Hewa hubadilika upesi, wakati kuta, zulia na vitanda bado vina joto lake. Kuliacha dirisha moja wazi kidogo siku nzima juu ya rediata ni kupasha joto mtaa, na fremu inayolizunguka inapoa hadi yenyewe inaota kuvu.

Hatua ya 5: Punguza mvuke, na usiache kuta zipoe

Familia ya watu wanne au watano inaweza kumwaga lita 10 za maji hewani kwa siku bila kumwaga tone sakafuni. Watu wawili waliolala chumba kimoja hutoa karibu nusu lita hadi asubuhi kwa kupumua tu, na hilo halina dawa isipokuwa tundu la dirisha kukaa wazi usiku. Mengine yana dawa.

Nguo ndizo mzigo mkubwa. Mashine moja ya nguo zilizokamuliwa bado imebeba lita 2 au zaidi za maji, na zikianikwa juu ya rediata zote zinaingia hewani. Kama huna uwanja wala mashine ya kukaushia inayotoa nje, zianike bafuni, mlango umefungwa, feni inazunguka. Mashine ya kuondoa unyevu hewani hufanya kazi nzuri ndani ya chumba kilichofungwa. Unaona kwa macho maji kwenye ndoo yake. Ila mwenye nyumba akikuletea mashine hiyo badala ya kutengeneza feni, ujue gharama imehamia kwenye mita yako.

Funika sufuria, funga mlango wa jikoni, washa feni kabla maji hayajachemka na uiache kidogo baada ya kuepua. Hita za kubebeka za mafuta ya taa au mtungi wa gesi ziache kabisa: lita moja ya mafuta ya taa ikiungua hutoa lita moja ya maji na zaidi, juu ya hatari ya moshi.

Joto ni sehemu ngumu kuizungumzia, maana bili zinajulikana. Shirika la Afya Duniani linapendekeza nyumba isishuke chini ya nyuzi 18 katika nchi za baridi. Kwa upande wa kuvu, joto la wastani linalodumu linafaa zaidi kuliko kuwasha kwa nguvu saa mbili jioni. Hewa hupata joto ndani ya dakika, ukuta wa matofali unahitaji saa nyingi. Chumba cha wageni kilichozimiwa rediata na kuachwa mlango wazi ndicho kitakachoota kuvu kwanza, kwa kuwa mvuke wa nyumba nzima unakwenda huko kutafuta baridi. Kipashe kidogo, au kifunge mlango. Sogeza makabati na makochi sentimita 5 hadi 10 kutoka ukuta wa nje.

Hatua ya 6: Ukikarabati, kanuni zinaamka

Kanuni za ujenzi hazirudi nyuma. Nyumba ya 1930 hailazimiki kuwa na kila alichoandika mwandishi wa Hati F mwaka 2021. Zinaamka pale kazi inapofanyika, nazo zinasema hivi: nyumba ikiishatengenezwa isiwe mbaya kuliko ilivyokuwa.

Madirisha mapya ndiyo mtego mkubwa. Fremu kuukuu ya mbao ilikuwa ikipitisha upepo kila upande. Ile mpya ya plastiki yenye vioo viwili haipitishi hata mluzi. Miezi mitatu baadaye kuvu inaota mahali ambapo haijawahi kuota, na watu wanasema madirisha ni feki. Si feki, yameziba vizuri mno. Kwa hiyo dirisha lililokuwa na matundu libadilishwe na lenye matundu, yasiyo madogo kuliko ya kwanza. Lisilokuwa nayo nalo halitoi ruhusa ya kusahau hewa: njia nyepesi ya kutimiza kanuni ni matundu ya milimita za mraba 8,000 vyumbani na jikoni, na 4,000 bafuni, kwa nyumba isiyo na mfumo wa kuvuta bila kukoma. Anayefunga madirisha akiwa mwanachama wa mpango kama FENSA hujithibitisha mwenyewe na kukupa cheti. Asiyekuwamo lazima kazi ipitie kwa wakaguzi wa ujenzi. Hifadhi cheti, utaulizwa siku ya kuuza. Fundi anayekwambia matundu "yanaleta baridi, tuyaache" anakuuzia tatizo.

Pamba ya dari, ile inayozuia joto lisitoroke, ni jambo la pili. Siku hizi unashauriwa unene wa milimita 270, nayo inaokoa pesa. Lakini ikishawekwa, dari ya chini ina joto na nafasi ya juu yake inakuwa ya baridi kali, na mvuke wowote unaopenya huko unageuka maji kwenye mbao za paa. Mambo matatu yaangalie kwa tochi. Je, pamba imesukumwa hadi kwenye pembe za paa ikaziba upepo? Paa lenye mteremko unaozidi digrii 15 huhitaji mwanya sawa na milimita 10 unaoendelea kando zote mbili. Mteremko mdogo kuliko huo, milimita 25. Je, mlango wa kupandia darini na matundu ya taa yamezibwa yasipitishe hewa ya bafuni? Na je, bomba la feni linakwenda wapi?

Swali hilo la tatu nalirudia kwa sababu jibu huwashangaza watu. Kuna feni zinazotupa hewa ya bafuni darini, basi, zikaachwa hapo: bomba limekatwa, limelazwa juu ya pamba, na kila anayeoga anamwagilia mbao. Kuna zinazofika nje, lakini bomba halina kifuniko cha kuhifadhi joto. Mvuke unageuka maji njiani na kurudi kudondoka kupitia feni, na mwenye nyumba anaita fundi wa paa kutafuta mvua isiyokuwapo. Bomba livutwe linyooke, livikwe pamba, literemke kidogo kuelekea nje, lifike nje kweli.

Ukibandika vizuia baridi ukutani upande wa ndani, omba hesabu ya unyevu kwanza. Ukuta wa matofali nyuma ya kizuizi unakuwa wa baridi kuliko zamani, na mvuke ukipenya utageuka maji mahali usipopaona.

Hatua ya 7: Osha kuvu

Fanya hili baada ya kupiga picha. Vaa glavu, barakoa na miwani, fungua dirisha, funga mlango wa chumba. Tumia dawa ya kuua kuvu kwa kufuata maelezo ya chupa, ufute kwa kitambaa chenye maji na kukitupa. Usisugue kwa brashi kavu, utapeperusha mbegu zake chumba kizima. Usichanganye klorini na siki wala dawa yenye amonia. Mwenye pumu, mjamzito na mtoto wasiwepo. Kupaka rangi juu ya kuvu ni kuificha kwa majira moja.

Hatua ya 8: Andika, usipige simu tu

Desemba 2020, Rochdale, mtoto Awaab Ishak alifariki akiwa na umri wa miaka 2. Novemba 2022 mchunguzi wa vifo aliamua kwamba chanzo kilikuwa ugonjwa mkali wa njia ya hewa uliotokana na kuishi muda mrefu na kuvu katika fleti ya shirika la nyumba. Wazazi wake, waliotoka Sudan, walikuwa wameshalalamika. Shirika lilikiri baadaye kwamba lilijijengea dhana kuhusu namna familia hiyo ilivyoishi, na kwamba lilikosea. Anayekuambia kuvu imetokana na mapishi yenu au na ndoo ya bafuni, mwonyeshe daftari la Hatua ya 2 na vipimo vya Hatua ya 3.

Kwa nyumba za kansili na za mashirika ya nyumba, Sheria ya Awaab ilianza kutumika England tarehe 27 Oktoba 2025. Hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24. Unyevu na kuvu vyenye hatari kubwa vichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi. Upewe muhtasari wa maandishi ndani ya siku 3 za kazi baada ya uchunguzi kukamilika, na nyumba ifanywe salama ndani ya siku 5 za kazi. Wasipoweza, wakutafutie pa kukaa kwa gharama yao. Wapangaji wa watu binafsi bado hawajafikiwa na ratiba hiyo, ingawa sheria ya kuwafikisha huko ilipitishwa 2025. Lakini wana Sheria ya 2018 ya Nyumba Kufaa kwa Makazi ya Binadamu, na wanaweza kuita idara ya afya ya mazingira ya kansili, ambayo chini ya Sheria ya Nyumba ya 2004 hukagua hatari 29. Unyevu na kuvu ndiyo hatari ya kwanza kwenye orodha hiyo.

Barua au baruapepe iwe fupi: anwani, vyumba vilivyoathirika, tangu lini, nani ana pumu au ni mtoto mdogo, namba za unyevu na joto, na kasoro ulizopima. "Feni ya bafuni haishiki karatasi, dirisha la chumba cha nyuma halina tundu la hewa, mlango wa bafu una mwanya wa milimita 2" ni sentensi ambayo ni ngumu kuijibu kwa "fungueni madirisha". Ambatisha picha zenye tarehe. Kiingereza kikikusumbua, omba mkalimani au mpe kijana wa nyumbani aitafsiri, ila uitume kwa jina lako wewe mwenye mkataba.

Mpangaji wa kansili au shirika asiporidhika anapitia hatua mbili za malalamiko za mwenye nyumba, kisha anakwenda kwa Housing Ombudsman, yaani mwamuzi wa malalamiko ya nyumba, bila kulipa chochote. Usiache kulipa kodi ukingoja. Deni la kodi linaweza kukupeleka mahakamani.